Maua Madogo Meupe

Juzi nimepiga magoti kwenye udongo, binti yangu akaja kusimama juu ya kichwa changu. "Baba, mbona unang'oa kwa mkono na mkasi unao mfukoni?"

Nikamjibu kitaalamu. Chipukizi linalotoka chini ya fundo la kubebeshea, pale waridi lilipounganishwa na shina la mwitu, si la waridi lako, ni la mwaridi mwitu uliotumika kama mizizi. Ukilikata, macho yanabaki kitakoni na kesho yanachipua matatu. Unafukua, unalifuata mpaka linapoanzia, unalivuta kwa mkupuo mmoja. Akaridhika, akaenda zake. Hakuuliza nimeyajulia wapi.

Nimeyajulia kwenye mwaridi wa Bi Mkubwa, ule wa njano wa dirishani kwake. Mwaka ule alipolazwa nilikabidhiwa funguo, nyumba na mwaridi. Agizo lilikuwa moja: maji asubuhi, tena shinani, majani yasilowe. Majani yakishinda na maji yanaota madoa meusi, yanageuka manjano, yanapukutika. Nikatii. Habari za kupogoa hakuzigusa kabisa. Nadhani hakufikiri ningethubutu.

Nilithubutu. Upande mmoja palikuwa na mashina matatu mazee, gome limekuwa la kahawia, majani ya kuhesabika na yote yana madoa. Upande wa pili fimbo mbili za kijani, zimechomoza chini kabisa, zimenipita mabega, majani yake hayana hata alama. Nikajiambia mgonjwa ni yupi na mzima ni yupi panaonekana wazi. Shina la kwanza lilikatika kwa mlio mkavu. La pili lilitaka mikono miwili, na lilipoachia nikaona moyo wake: mweupe, umelowa. Nikapitisha kidole gumba pale kwenye jeraha, kikatoka na ubichi. Nikasimama hapo na mkasi wazi. Mwiba ulikuwa umenichana kifundo cha mkono, damu imeshaanza kukauka, kwa hiyo nilisimama muda si haba. Kisha nikakata la tatu, kwa sababu lingebaki peke yake lingechekesha.

Bi Mkubwa alirudi, msimu ukageuka, fimbo zangu zikachanua. Maua madogo meupe, petali tano tano, vishada vizima. Alivuta pazia akayatazama. Mimi nilikuwa nyuma yake na kikombe cha dawa.

"Meupe," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nyuki watafurahi."

Basi. Akaendelea kuyamwagilia kila asubuhi, shinani, kama kawaida. Miaka mingi baadaye dada yangu ndiye aliyenieleza kwamba mwaridi ule mama aliubebesha mwenyewe kabla sisi hatujazaliwa: jicho moja, wembe na uzi. Yaani fundo lile alilijua kuliko kiganja chake. Alijua nilichokifanya tangu alipovuta pazia, au hata kabla.

Siku hizi nimekuwa hodari. Watu wakiniambia nihesabu vijani vya kila jani, eti vitano ni waridi na saba ni mwitu, nawakatalia, maana miwaridi mingi ya kupandwa nayo ina saba. Tazama chipukizi linapotokea, juu ya fundo au chini yake. Nayasema haya kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kukosea.

Binti akarudi na ndoo ya maji. Akazunguka mpaka upande wa ukuta, akainama.

"Baba, na hili huku? Nalo limetokea chini."

"Hilo liache kwanza."

"Kwa nini?"

"Mwagia maji. Shinani."