Chokaa Kwenye Pampu: Ninavyosafisha Vifaa vya Tangi la Samaki Hapa Kigoma

Samaki wangu ni wa humu humu ziwani, Tropheus na Julidochromis, na maji yao nayateka upande wa Katonga kwa madumu ya lita 20. Kibirizi boti ni nyingi mno, mafuta yanaelea. Maji ya Tanganyika yana pH (kipimo cha asidi na alkali, 7 ikiwa katikati) inayofika 9, na yamebeba kalisi, magnesi na kabonati. Samaki ndivyo wanavyotaka. Anayeumia ni pampu.

Maji ya tangi yakipungua kwa kuvukizwa, madini hubaki. Ukijazia maji ya ziwa unaongeza madini juu ya madini, nayo huganda kuwa chokaa penye joto na penye mzunguko: kwenye rota (kipande chenye sumaku kinachozunguka ndani ya pampu), kwenye kioo cha hita, kwenye vitundu vya bomba la kurudishia maji. Ndiyo maana najazia maji ya mvua niliyoyakinga kwa beseni uwanjani. Ya paa sitaki, kwa sababu zinki ya bati huyeyukia humo. Kiangazi mvua ikiwa hakuna, natoa robo ya maji ya tangi na kuweka mapya badala ya kujazia tu.

Pampu yenye chokaa ina ujanja wake. Ikiwa tayari inazunguka, itaendelea kuzunguka bila dalili yoyote zaidi ya mlio kubadilika. Umeme ukikatika na kurudi, hapo ndipo inagoma, maana rota iliyosimama haina nguvu ya kujing'oa kwenye chokaa. Utaisikia inanguruma lakini maji hayatoki, na koili ndani inazidi kupata moto. Kwa hiyo siipimi kwa kuitazama. Nachomoa plagi, nahesabu hadi kumi, narudisha. Isipoanza mara moja, inaingia kwenye beseni siku hiyo hiyo. Ikianza, inasubiri zamu yake ya kila mwezi.

Kabla ya kuingiza mkono majini nachomoa kila kitu ukutani; kuzima swichi hakutoshi. Hita naiacha majini nusu saa ipoe, kwani ikitolewa na moto wake kioo hupasuka. Kisha nafungua kifuniko cha pampu na kuvuta rota ikiwa imenyooka. Mhimili wake ni wa kauri: ukiupinda kidogo tu umekatika, na kipuri itabidi kiagizwe Dar.

Ute wa mwani unatoka kwa mswaki wa zamani. Chokaa haitoki hivyo, inataka siki nyeupe: kipimo kimoja cha siki kwa viwili vya maji, rota na kifuniko vikae humo nusu saa. Vipovu vinavyopanda ni kabonati inayovunjika na kutoa gesi ya kaboni dioksidi. Vipovu vikikoma huku weupe bado umeshika, ujue siki ndiyo imeisha nguvu. Mwaga, weka nyingine. Dukani siki ikikosekana, maji ya ndimu yaliyochujwa kwa kitambaa yanafanya kazi ile ile, ila suuza zaidi.

Tundu inamokaa rota wengi hulisahau, na ndimo chokaa inapojificha. Nazungusha humo kijiti chenye pamba iliyochovywa siki hadi pamba itoke safi. Stilwaya situmii: inakwaruza plastiki na kuipa chokaa pa kushika safari ijayo, halafu nyuzi zake hung'ang'ania sumaku. Sumaku yenyewe naikagua kwenye mwanga. Ganda lake likiwa na ufa unaotoa kutu, rota hiyo ni ya kutupa, maana itavimba na kusaga kuta za pampu.

Baada ya hapo nasuuza, naiunganisha pampu na kuiendesha dakika kumi kwenye ndoo ya maji safi. Oringi, yaani mpira wa duara unaoziba kifuniko, ya kichujio cha nje naipaka grisi ya silikoni. Mafuta ya mgando ni rahisi kupata, lakini kuna mpira unaovimba kwa mafuta hayo, kisha kifuniko kinaanza kuvuja.

Sponji ni habari nyingine kabisa, na hapo ndipo watu huua samaki kwa usafi. Bakteria wanaogeuza amonia, sumu inayotoka kwenye kinyesi na mabaki ya chakula, kuwa nitriti, kisha nitrati, wengi wao wamo kwenye sponji. Siki haigusi hapo, wala maji ya bomba yenye klorini. Naikamua mara tatu nne kwenye ndoo ya maji niliyoyatoa tangini, na maji hayo yakibaki na rangi ya chai sijali. Nataka tu maji yapite. Nina sponji mbili, na sizioshi siku moja.

Ukali huu wangu kuhusu sponji una sababu. Kwenye maji ya pH 7 na nyuzi joto 25, amonia iliyo katika hali ya sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9 inapita theluthi. Kiasi kile kile cha kinyesi na chakula kilichobaki, ambacho tangi la maji ya pH 7 lingekivumilia, hapa kinaunguza mashavu ya samaki. Kama sponji imeharibika na lazima ibadilishwe, weka mpya kando ya ya zamani kwa wiki nne au zaidi, na chakula kipungue.

Jiki naitumia kwa vifaa vilivyotoka kwenye tangi lenye ugonjwa tu, kisha navisuuza na kuvianika juani. Kamwe isikutane na siki kwenye beseni moja, inatoa gesi ya klorini.

Umeme ukikaa saa kadhaa bila kurudi, kichujio cha nje kilichofungwa kinaishiwa oksijeni na bakteria wanaanza kufa. Usikiwashe kikamwaga uchafu huo tangini. Funga valvu, kifungue, mwaga maji ya ndani, kamua sponji kwenye maji ya tangi, jaza upya, ndipo uwashe. Yakinuka yai viza, badilisha pia robo ya maji ya tangi, na siku hiyo samaki wasilishwe.