Tembo wa Nailoni

Jumamosi tulipokuwa tunahama (ndiyo, tumehama tena, msiniulize), vijana wa gari walimviringishia nailoni yule tembo wangu wa mpingo, wakamwacha mkonga nje. Mwanangu akamkagua, akaniuliza, "Mama, wamemfunga ili tusijue kwamba ni tembo?"

Nilicheka mpaka Baba Zuhura akaja kuangalia kuna nini.

Noida, India, nilikokuwa nasoma, Januari 2012. Uchaguzi wa jimbo la Uttar Pradesh ulikuwa umebisha hodi, na Tume ya Uchaguzi ya India ikaamuru tembo wa mawe waliosimamishwa na serikali ya Mayawati, waziri kiongozi wa jimbo, wafunikwe, pamoja na sanamu zake mwenyewe. Tembo ndiye alama ya chama chake, BSP. Basi wakavishwa. Ukipita barabarani unaona mgongo, unaona masikio, unajua kabisa kilichomo ndani. Didi, aliyekuwa akifagia nyumba niliyopanga, alilicheka jambo hilo wiki nzima. "Alama ya chama cha Congress ni kiganja. Na sisi tufungwe mikono?" Kisha akaipigapiga baiskeli yake aliyoiegemeza ukutani, maana baiskeli ni alama ya chama cha Samajwadi. "Na hii nayo niivishe?"

Didi alikuwa Jatav, jaati (kundi la kuzaliwa) moja na Mayawati, katika Wadalit ambao kwa karne nyingi waliitwa najisi. Mwaka 1995, Mayawati alipokuwa mwanamke wa kwanza wa Kidalit kuongoza serikali ya jimbo India, baba yake Didi aliwagawia watoto wa mtaa peremende za kukopa. Deni, alisema, lililipwa kwa miezi.

Mwenye nyumba, Anti, alikuwa Brahmin, tabaka la juu kabisa. Na hapa ndipo nilipokuwa napotea: Anti naye alimpigia tembo kura mwaka 2007! Brahmin na Wadalit walipanda jahazi moja mwaka ule, chama kikapata viti 206 kati ya 403. "Huyu si tembo, ni Ganesh," Anti alinikumbusha wito wa kampeni zile, akimtaja mungu wao mwenye kichwa cha tembo. Safari hii alikuwa amehama. Kwenda wapi, hakusema.

Sisi tulipiga kura, au tuseme wao walipiga kura, tarehe 28 Februari. Walirudi kwa nyakati mbalimbali, wakakutana uani. Mimi nilikuwa kwenye ngazi na vitabu ambavyo sikuvisoma. Anti alikuwa ameivisha chai ya tangawizi. Didi akaenda kwenye bomba la nje, akapenyeza mkono nyuma ya ndoo, akatoa glasi yake ya bati. Ilikaa hapo siku zote. Hata siku moja haikuingia jikoni. Akaisuuza mwenyewe, akachuchumaa, akaikinga kwa mikono miwili.

Anti akainua sufuria juu, juu sana, ili mdomo wa sufuria usigusane na glasi. Chai ikashuka kama uzi mrefu wa kahawia. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto wa Anti, kwenye mpini, kilikuwa na mstari wa wino ukuchani. Cha Didi, kwenye glasi, kilikuwa na mstari ule ule. Uzi wa chai ukaning'inia katikati, mvuke ukipanda, na wote wawili wakiongea kuhusu urefu wa foleni, kwa furaha kabisa, kama mashoga. Halikumwagika hata tone. Ustadi ule haupatikani kwa siku moja.

Nikakaa kimya.

Machi matokeo yakatoka: baiskeli 224, tembo 80. Nailoni zikavuliwa, mimi nikamaliza masomo, nikarudi nyumbani. Katika uchaguzi wa jimbo wa 2022 tembo aliambulia kiti kimoja.

Nimewahi kuisimulia habari ya glasi ile mara nyingi, na kila mara mimi ndiye mtu mwema niliyekaa kwenye ngazi. Jumamosi, nikifungua boksi la vyombo, nikakumbuka kikombe changu cha kule. Cheupe, chenye maua ya bluu. Anti alinikabidhi siku ya kwanza: "Hiki ni chako, beti," yaani binti, "kaa nacho chumbani kwako." Mwaka mzima nilikinywea, nikijua nimependwa.

Chai yangu pia aliimimina kutoka juu. Nilidhani ni ya kutoa povu.