Masika yanakuja, niko bustanini

Jamani Machi ndo hii, mawingu yameanza kushuka Meru na mi toka Jumamosi niko bustanini na jembe. Nimeanza na matuta, nimeyainua kama sentimita 20 hivi maana mwaka jana yalikuwa bapa, maji yakatuama, spinachi zote zikaoza mizizi, iliniuma sana aisee. Samadi niliirundika toka mwaka jana, leo nimechota kiganjani nikanusa, inanukia udongo tu na haina joto, hapo ndo imeiva, ile mbichi inaunguza miche.

Mchicha na figiri namwaga mbegu hapohapo tutani, wiki tatu nne unachuma. Nyanya ndo zinataka moyo, mvua zikishika ugonjwa wa bakajani hauchelewi, unaamka unakuta majani yana mabaka meusi, so nazipanda mbalimbali sentimita 60, nazifunga kwenye vijiti na majani yote ya chini yanayogusa udongo natoa.

Mawaridi ya mama nayo nimeyapogoa, unakata mshazari juu kidogo ya jicho linaloangalia nje, na leo asubuhi jicho moja limeshachomoza, jekundu, dogo kama punje ya mtama.