Jirani aliyehamisha jiko

Dada yangu alipoanza dripu za saratani ya titi pale hospitali ya Bugando, Mwanza, alitoka Sengerema akaja kukaa kwangu Mabatini. Dripu ilikuwa kila baada ya siku 21. Dawa mojawapo ni nyekundu kama juisi ya rozela, na muuguzi alituonya mapema kwamba mkojo ungetoka mwekundu siku moja au mbili, tusidhani ni damu. Maneno yale machache yalituepusha na usiku wa kilio.

Kilichotushinda ni harufu. Tunaishi vyumba vya kupanga, ua ni mmoja, na jirani hukaanga samaki wa kuuza kila jioni. Dada, mtu aliyekulia kwenye sato, mafuta yakianza tu kulia kwenye karai anakimbilia ndoo. Sikumwambia jirani. Ningeanzaje, na samaki hao ndio ada za wanawe? Siku ya tatu narudi kazini, nakuta karai, jiko na benchi viko barabarani, karibu na kibanda cha vocha. "Mwache apumue," akasema huku akigeuza samaki. "Wateja watanifuata." Mvua ikinyesha alishika mwavuli mkono mmoja, kijiko mkono wa pili. Kila mzunguko, wiki nzima, alihama hivyo bila kuombwa na mtu.

Chakula kilichopoa hakina harufu kali, hilo tulilijua baadaye. Kijiko cha plastiki nacho kilimpunguzia ladha ya chuma mdomoni. Ila kama una mgonjwa wa dripu, nunua kipimajoto leo. Siku ya 7 hadi ya 14 hivi baada ya dripu kinga hushuka sana, na joto likifika 38 hakuna kumpa panadoli na kusubiri kukuche. Usiku mmoja kilisoma 38.4. Saa nane tulikuwa kwenye bajaji tukipanda kilima cha Bugando. Alilazwa siku tano.

Na siku hizohizo za kinga kushuka ndizo ndugu walizokuja kumwona, na watoto wenye mafua, na habari za fulani aliyekufa kwa titi. Najua ni upendo, kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Lakini jamani, pigeni simu kwanza. Shangazi mmoja alipiga, nikamweleza. Akaja hivyohivyo, akaishia uani, akafua mashuka yote ya dada, akayaanika.

Dada akasikia maji yakimwagwa, akauliza ni nani. Nikamwambia. Akageukia ukutani, akalala.