Mkalimani Anaomba Kusahihisha

Ukalimani wa hospitali huku Uingereza ni kazi ya kuitwa. Simu inalia jioni, kesho asubuhi uko kwenye basi. Siku ile ya Februari 2019 niliambiwa mambo matatu tu: Kiswahili, kliniki ya jenetiki, saa nne.

Niliwakuta mama kijana, mama mkwe wake aliyekuja kutoka Tanga kumsaidia malezi, na mtoto wa miaka mitatu. Baba alikuwa zamu. Mtoto alilegea begani kwa bibi yake kama nguo iliyoloa, jicho moja likikimbilia puani, mkono ukiwa na alama za meno yake mwenyewe.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Wewe ndiye utakayetusemea?”

Daktari alikuwa mtu mpole, asiyeharakisha. Alisema majibu ya damu yametoka, na wameona hitilafu kwenye jeni moja ya mtoto, iitwayo SYT1, iliyopo kwenye kromosomu ya 12. Nami, kwa kutaka Kiswahili changu kipendeze, nikasema: “Tumeona hitilafu kwenye chembe ya urithi ya mtoto.”

Mama mkwe hakunitazama mimi wala daktari. Alimgeukia mkwewe.

“Urithi,” alisema taratibu. “Sisi kwetu hakuna.”

Yule binti akainama kuvuta soksi ya mtoto ambayo wala haikuwa imeshuka. Nilielewa hapohapo kwamba maneno hayo yalikuwa yameshasemwa nyumbani, mara nyingi, na mimi nimeyapigia muhuri wa hospitali.

Daktari alikuwa hajamaliza. Sentensi yake iliyofuata ilisema damu ya baba na ya mama imepimwa pia, na hakuna kati yao mwenye hitilafu ile. Lakini ningeipenyezaje mahali ambapo neno urithi limeshakaa kitako? Nikafikiria kusema kinasaba. Humo mna nasaba, ndiyo balaa zaidi. Nikafikiria kusema “imezuka”. Hilo nalo nikalimeza, maana kutoka kuzuka hadi mzuka ni hatua moja, na tukishaingia kwenye mizuka daktari asingesikilizwa tena.

Kazi hii ina kanuni: mkalimani hana lake. Daktari akisema “mimi”, nawe unasema “mimi”. Ukikosea, unajitaja kama mtu mwingine. Nikanyoosha mkono. “Mkalimani anaomba kusahihisha,” nikasema kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. “Neno urithi ni kosa la mkalimani. Daktari amesema jeni, yaani maagizo ya kuujenga mwili. Herufi moja ya maagizo hayo ilibadilika mtoto alipoanza kuumbwa. Baba hana, mama hana. Imeanzia kwake mwenyewe.”

Kimya. Mama mkwe akasema, “Rudia hapo mwisho.” Nikarudia.

Baada ya hapo mambo yakawa mepesi kidogo, ingawa mimi jasho lilikuwa likinitoka. Daktari alichora chembe mbili za ubongo zilizokaribiana bila kugusana. Ukingoni mwa ile ya kwanza kuna vifuko vidogo vyenye kemikali ya kupeleka ujumbe. Juu ya vifuko hukaa protini inayotengenezwa kwa maagizo ya SYT1, sinaptotagmini, na kazi yake ni kutambua kalsiamu. Umeme wa neva ukifika, kalsiamu huingia, protini huinasa, na kifuko hupasukia nje na kumwaga ujumbe. Yote hayo, alisema, chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde.

“Kalsiamu si ya maziwa?” bibi akadakia. “Basi tumzidishie. Na dagaa.”

Daktari akatabasamu. Kalsiamu ya mtoto haijapungua, alisema. Kinachokosea ni kile kinachoitambua.

Hapo ndipo yule binti alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza. “Gari limejaa, abiria wamekaa,” alisema akiitazama ile karatasi, “lakini konda hagongi bodi. Dereva ataondokaje?”

Nikamtafsiria daktari, na ilinibidi kwanza nieleze daladala ni nini na konda anagonga vipi. Akacheka kwa furaha kabisa. Lakini mama naye hakuishia hapo. Si mtu ana nakala mbili za kila jeni? Yule konda mwingine je? Daktari akasogeza kiti mbele. Alisema hilo ndilo swali lenyewe: nakala ya pili ni nzima, ila inaonekana ile mbovu inaizuia nzima isifanye kazi ipasavyo.

Ripoti iliyotoka mwaka uliotangulia, akaongeza, ilikusanya watoto 11 tu kutoka duniani kote. Wengi walikuwa walegevu tangu uchanga, na walijing'ata au kupiga kelele bila sababu inayoonekana. Mama akashusha pumzi. Nilidhani idadi ile ndogo itamtisha. Kumbe alikuwa akihesabu wenzake. Kuhusu degedege, bibi aliuliza mara mbili. Mawimbi ya ubongo yalikuwa makubwa na ya polepole, lakini haikuwa kifafa. Dawa ya kuirekebisha jeni hakuna. Kuna mazoezi ya viungo, wataalamu wa kula na kuongea, miwani.

Swali la mwisho mama aliliuliza kwa sauti ya chini, mkono tumboni: na mwingine? Daktari akasema hatari ya kujirudia ni ndogo, kama 1 kati ya 100.

Nilitoka na fomu yangu ya saa bila kukumbuka kuisainisha. Kwenye korido mama mkwe alikuwa ameshapiga simu Tanga, mtoto begani, anasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kupigia simu mbali. “Hapana, si kwao. Si kwetu pia. Sikiliza, wewe unapanda daladala, eh?”

Nikarudi ndani kutafuta kalamu.