Nilivyozuia shingo za maganda ya .44-40 kubonyea

Nina bunduki ya Winchester ya muundo wa 1873, inayotumia risasi za saizi ya .44-40, na hapa Texas risasi zake najijazia mwenyewe, yaani naziunda upya kwa maganda matupu. Kilichonisumbua ni shingo ya ganda: shaba ya .44-40 ni nyembamba mno, na ikifura kidogo tu chini ya mdomo, risasi haiingii chemba. Chanzo kilikuwa kalibu, kifaa cha kuundia risasi, inayosukuma kichwa (kile kipande kinachoruka) ndani ya ganda na kubana mdomo kwa mkupuo mmoja. Sasa nazitenganisha kazi hizo. Maganda yote nayakata urefu sawa, napanua mdomo kidogo, nakalisha kichwa, ndipo nabana peke yake. Kubana ni lazima, kwani springi ya magazini ya bomba husukuma vichwa virudi ndani. Na vichwa viwe bapa: ndani ya bomba kila kimoja hugusa fataki, yaani kiwashio cha baruti kitakoni, ya risasi iliyo mbele yake, na chenye ncha kingeweza kuilipua.