Karabai ya tano

Umeme ukikatika usiku hapa Chikongola, Mtwara mjini, watoto wa jirani hawaulizi utarudi saa ngapi. Wanakuja kukaa kwenye ngazi za baraza langu. Wanajua nitatoka na chupa ya spiriti, kiberiti na karabai, ile taa ya mafuta ya kupampu, na kuna sehemu wanayoingojea: pale mwanga unapotoka wekundu hadi weupe wa kuumiza macho, na taa inaanza kuvuma shhhh kama mvua ya mbali. Mume wangu anasema huwa naombea umeme ukatike. Ananisingizia. Ila ni kweli kwamba silalamiki kama wenzangu, na kwa mji ulio pua na mdomo na gesi ya Mnazi Bay inayofua umeme, wenzangu wana haki ya kulalamika.

Nina vyombo 23: karabai saba, taa za chemli tisa, stovu za pampu sita, na jiko moja la kambini la Coleman ambalo nitalieleza mbele kwa sababu lilitaka kuondoka na nyusi zangu. Vyote viko chumba cha uani, kilichokuwa stoo ya magunia ya korosho, na vyote vinawaka isipokuwa hilo jiko. Sharti langu ni hilo. Chombo kisichowaka hakikai kwenye rafu, kinakaa chini kwenye ndoo mpaka nipate kipuri chake.

Ugonjwa huu nimerithi kwa mjomba. Aliyezaliwa Mmakonde anajua mjomba ni nani kwa mtoto, maana kwetu ukoo hufuata upande wa mama. Wangu, zaidi ya hayo, alikuwa na karabai tano za kukodisha. Miaka ya 1980, mtu wa Magomeni ya hapa mjini au Mikindani akiwa na harusi, maulidi au ngoma ya unyago, alikuja kwa mjomba, akalipa nusu, akaondoka na taa, utambi wa akiba na onyo moja: "Usiitikise ikiwa inawaka." Baada ya mavuno, ngoma zikipamba moto, zote tano zilikuwa nje usiku mmoja, na mimi nilikuwa mbeba spiriti wake. Nilitembea nyuma yake na chupa, tukipita kila penye shughuli kuhakikisha taa zinakesha. Pilau nilikula nyumba tatu kwa usiku mmoja.

Zote zilikuwa Petromax. Jina hilo limeungwa kutokana na neno petroleum na Max, jina la Max Graetz wa Berlin ambaye kiwanda chake ndicho kilichozitengeneza. Tumboni zimeandikwa 500 CP, yaani zinatoa mwanga wa mishumaa 500. Mjomba aliishia darasa la nne, lakini aliifungua karabai nzima juu ya mkeka, vipande vyote, akairudisha bila kubakiwa na wosha hata moja. Na ili waliokodi wasimbadilishie, alizitia alama kwa tupa kwenye ukingo wa chini wa tangi. Ya kwanza mkato mmoja, ya pili miwili, hadi ya tano mikato mitano. Ilikuwa ikirudi usiku wa manane hakuhitaji taa nyingine kuitambua, alipitisha kidole gumba tu.

Mjomba alifariki mwaka 2004. Kabla ya hapo alikuwa ameshauza tatu kwa watu wa hapa mjini, na ya nne kwa mvuvi wa dagaa. Ya tano ilivuka maji kwenda kwenye ngoma Msanga Mkuu, ng'ambo ya bandari, na haikurudi. Alifuatilia mara mbili, akaacha. Mama yangu, dada yake, hakuacha. Mpaka leo ukimtajia Msanga Mkuu anakuuliza kama umeona karabai ya kaka yake.

Turudi kwenye stovu, maana ndizo zilizonifundisha kazi.

Ya kwanza niliipata Masasi, ndani ya gunia la mnunuzi wa vyuma chakavu. Wanaonunua vyuma chakavu ndio maduka yangu. Wao wanapima kilo za shaba, mimi nasoma maandishi. Ilikuwa Primus, nyeusi kama sufuria ya msibani, miguu miwili kati ya mitatu. Nililipa 15,000, kijana akanicheka waziwazi. Primus ni ya Sweden. Frans Wilhelm Lindqvist alianzisha kampuni yake Stockholm mwaka 1892, na Roald Amundsen wa Norway alipofika Ncha ya Kusini mwaka 1911 alikuwa na stovu za aina hii. Yangu ilikuwa imefika Masasi na kukatika mguu, safari ambayo nayo si haba.

Ukiielewa, stovu ya pampu haina uchawi. Kuna tumbo la mafuta, pampu ubavuni, na kichwa juu. Unamimina spiriti kwenye kisahani kilicho chini ya kichwa, unaiwasha, unangoja. Spiriti ikikaribia kuisha, unakaza skurubu ya hewa na kuanza kupampu. Hewa inayasukuma mafuta ya taa yapande kwenye kichwa kilichoshika moto, yanageuka mvuke, na mvuke unatoka kwa nguvu kwenye tundu la nozeli na kuwaka buluu, bila moshi, bila masizi. Asiyengoja spiriti ndiye anayepata matatizo. Kichwa kikiwa bado baridi, mafuta yanatoka yakiwa mafuta, na moto wa njano unaruka hadi darini. Nyumba nyingi zilizoacha stovu na kuhamia jiko la mchina la tambi ziliacha kwa sababu hiyo, na mpishi mwenye haraka ndiye aliyekuwa na kosa.

Ile ya Masasi ilikuwa na magonjwa matatu. Ngozi ya pampu ilikuwa imekauka kama samaki wa kuchoma, kwa hiyo nilikuwa napampu upepo tu. Nilikata duara kwenye kiatu cha zamani cha mume wangu (hakikuwa cha zamani sana, tulijadili), nikailoweka kwenye mafuta. Mwanzoni nilitumia ya nazi. Yalifanya kazi vizuri hadi mwezi wa saba, asubuhi zikapata ubaridi, yakaganda ndani ya pampu. Sasa natumia mafuta ya cherehani.

Ugonjwa wa pili: mpini wa pampu ulikuwa unapanda wenyewe taratibu ukiuachia, kama mtu anayeamka usingizini. Ukiona hivyo, valvu ya chini ya pampu inavuja na mafuta yanarudi. Ndani yake kuna kipande cha mpira kidogo kuliko punje ya mchele. Kukikata hakuna kazi, ila kuifungua valvu bila kuivunja ilinichukua siku nne za kuimwagia mafuta na kuiachia.

Wa tatu ni wa kibinadamu. Tundu la nozeli ya stovu kama hii lina upana wa milimita 0.32. Likiziba, linazibuliwa kwa kipini maalumu chenye waya mwembamba kama unywele. Mwenyewe wa kwanza alikuwa amelizibua kwa sindano ya cherehani, ambayo ni nene zaidi ya mara mbili. Tundu likipanuka hivyo halina dawa, mvuke unatoka mwingi mno na moto unakuwa wa njano wenye masizi. Nilikaa miezi saba nikitafuta nozeli, nikaipata kwa fundi baiskeli wa Newala, kwenye kopo la gololi za magurudumu, akanipa bure kwa sababu hakujua ni kitu gani.

Kusafisha shaba natumia ndimu na majivu, kama bibi alivyosafisha sinia. Lakini nimejifunza kujizuia. Ukisugua kila mwezi unakula maandishi, na stovu isiyosomeka ni sufuria tu. Wanaoniudhi zaidi ni wale wanaotoboa tumbo la karabai, wakapitisha waya na kutia balbu, eti pambo la mgahawa. Nimeziona mahali, mbili, mlangoni. Sikula chakula changu vizuri.

Haya, Coleman. Ni lile jiko la sanduku la kijani, vichwa viwili, limetoka Marekani. Nilinunua kwa dereva aliyelipata kwa watu wa utafiti wa gesi walipokuwa wanafunga kambi. Tangi lake linataka petroli nyeupe iliyochujwa kwa ajili ya majiko, ambayo huku haiuzwi, nami nikajifanya mjuaji nikatia ya kituo cha mafuta. Mafuta hayo yana mambo mengine ya kuisaidia injini ya gari, na mambo hayo yanaganda ndani ya kile kibomba kinachopita juu ya moto, wenyewe wanakiita jenereta. Likawaka vizuri mara mbili. Mara ya tatu lilikohoa, likatema, na nyusi yangu ya kushoto ilichukua wiki sita kurudi. Limefungwa. Wanangu wanaweka daftari juu yake.

Karabai ina kitu kimoja ambacho stovu haina, nacho ni utambi wake, kifuko cha nyuzi kilicholowekwa chumvi za madini. Unakifunga, unakichoma, nyuzi zinateketea, kinabaki kifuko cha majivu kinachosimama chenyewe na ndicho kinachong'aa. Alikibuni Carl Auer von Welsbach wa Austria, akapata hataza mwaka 1885, kwa ajili ya taa za gesi. Tambi za zamani zilitiwa thoriamu, madini yenye mionzi. Mjomba alikuwa akipuliza majivu yake kwa mdomo na kuyafuta kwa shati. Mimi zile za zamani ninazo kwenye kopo lililofungwa, siwashi watoto wakiwepo, na majivu nayafuta kwa kitambaa chenye maji.

Mafuta ya taa yenyewe sasa ni anasa. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi yake ili watu waache kuyachanganya kwenye dizeli, na tangu hapo karabai ikawa taa ya mwenye nacho. Wavuvi wa dagaa nao wakahamia taa za betri. Ndiyo maana mwezi wa tatu mwaka huu nilipanda kivuko kwenda Msanga Mkuu, nikijua huko kutakuwa na karabai zilizostaafu.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja, nyumba ya makuti karibu na madau. Nilimwamkia, akaniitikia na kuniuliza kwanza kama ninatoka benki. Kisha akaitoa. Petromax, haina kofia, kioo kimepasuka, tangi limefubaa rangi ya pweza.

"Ya baba yangu," alisema. "Aliinunua. Haivuti tena. Ukiiweza, mwanangu, itengeneze, lakini siuzi."

Nilipitisha kidole gumba chini ya ukingo. Mkato, mkato, mkato, mkato. Halafu risasi ya kulehemu. Fundi fulani aliwahi kuziba ufa pale pale, na kiraka chake kimefunika sehemu ambayo mkato wa tano ungekuwepo, kama upo.

Nilirudi nayo mjini imefungwa kwenye kanga. Mama alikuja jioni ile ile, akakaa kwenye kigoda, akaishika na kuigeuza bila kusema.

"Yeyusha hiyo risasi tujue," akasema.

"Mama, hapo hapavuji."

"Nimekuuliza kama panavuja?"

Ilikuwa na ngozi mbovu ya pampu na kibomba cha mvuke kilichoziba, basi. Nilivibadilisha, nikatia kioo kutoka kwenye karabai yangu ya sita. Chuma cha kulehemu kilikuwa mezani, kimeshapata moto kwa ajili ya kazi nyingine, kwa kama nusu saa. Mikato minne maana yake ni ile ambayo mjomba aliuza kwa mvuvi kwa mkono wake, na mzee anasema kweli. Mitano maana yake ni nyingine. Nilichomoa waya ukutani.

Jumatano niliirudisha. Tuliiwasha uwanjani kwake kabla giza halijakolea, nikamwonyesha mjukuu wake namna ya kungoja spiriti. Mzee akaniuliza deni ni kiasi gani. Nikamwambia kioo tu, elfu nane, na akipata kofia yake asiitupe. Alinipa elfu tano na dagaa kisado. Kivuko cha mwisho kilipoondoka, karabai ilikuwa bado inawaka pale kwake, na huku ng'ambo, mjini, umeme ulikuwa umekatika.